Mjomba, Funga Mlango

Mpwa wangu Zaina,

Marahaba. Ninaanza na marahaba kwa sababu najua wewe ungeanza na shikamoo. Hukuwahi kuninyima, hata siku ulizokuwa umenikasirikia, hata siku ile ya mwisho hospitali ulipoisema kwa midomo tu, sauti haipo.

Naandika kwa kalamu. Kompyuta yako iko mbele yangu, nimeifunika kile kitambaa cha tausi alichodarizi mama yako, na vumbi nimeshalifuta asubuhi. Ningeweza kuipiga barua hii kwa mashine. Siku hizi napiga kwa vidole vinne, watu wanasimama dirishani kutazama. Haya, vitatu. Lakini wewe ulinifundisha kwenye karatasi, na mimi nataka nikuandikie kwenye karatasi. Nina jambo la kuungama. Nitalifikia, ila unanijua, mimi kutoka Soni kwenda Lushoto lazima nipitie Bumbuli kwanza.

Nikupe habari za huku. Simu za mkononi zimefika mpaka kwetu. Vijana wa sokoni wanazining'iniza shingoni kama kengele za ng'ombe, na wakitaka kuongea wanapanda juu ya jiwe kubwa lile la nyuma ya msikiti, wamepanga foleni kama wanasubiri maji. Lile duka lililokuwa la ushirika ni la mtu sasa, anauza betri, mitumba na sabuni za kila rangi. Na karibu na stendi, Zaina, kimefunguliwa chumba cha mtandao. Kompyuta nne, pazia la kijani, na tangazo limeandikwa kwa mkono mlangoni. Kimechelewa miezi miwili. Siku ya kwanza nilipokiona nilisimama nje nikawachukia wenye nacho, kana kwamba walijua kuna mtu anawangoja na wakafanya makusudi.

Bado nasimulia jinsi kompyuta ilivyopanda mlima. Watu nawaambia gari liliharibika kwenye kona, nikaibeba kichwani peke yangu toka Mombo, na mbega wakatoka msituni wakapanga mstari kando ya barabara kama watoto wa shule wanaompokea mgeni rasmi. Mzee mmoja wa Mazinde ameshaniambia kuwa yeye alikuwepo na aliwaona. Nimemshukuru.

Kwako siwezi, wewe ulikuwepo kweli. Shirika lenu kule Tanga liliuzwa, mkapunguzwa kazini, na wewe ukaomba wakupe ile kompyuta uliyokuwa unapigia barua za mkurugenzi iwe sehemu ya haki zako. Ukaipakata kwenye basi tangu Tanga mpaka hapa Lushoto kama mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Kazi yangu mimi ilikuwa moja tu, kuipokea stendi, na hapohapo nikaigonga kwenye nguzo. Ule ufa wa pembeni ya kioo ni wangu. Watu nawaambia ni jino la chui.

Na kuna yule aliyesema siku ile, "Wenzake wanarudi na mume, yeye karudi na televisheni isiyoonyesha mpira." Ukoo mzima ulicheka. Uliniuliza mara nyingi ni nani aliyesema na mimi nikamsingizia shemeji yangu wa Mponde. Ni mimi, Zaina. Hilo si lile jambo kubwa, hilo ni la kupashia moto tu.

Halafu mimi ndiye niliyekuja kukaa mbele ya hiyo televisheni kila siku. Darasa la nne langu nililimaliza kwa shida, mwalimu akimshukuru Mungu kuliko mimi, na sasa nina ndevu zenye mvi nakuja kwa mpwa wangu kuomba kufundishwa. Unakumbuka tulivyohangaika na salamu? Mlangoni ulinipa shikamoo, nikaitikia. Tulipoingia ndani ukakaa kwenye kiti, mimi nikasimama, ukasema, "Sasa humu mimi ni mwalimu. Mwanafunzi anamwamkiaje mwalimu?" Nikakwambia mjomba hampi mpwa wake shikamoo, siku hiyo milima hii itaporomoka mpaka Mombo. Ukacheka mpaka ukashika meza. Ukasema, "Basi sikulazimishi. Lakini siku utakayotengeneza ukurasa na kuurekebisha mwenyewe bila kuniita, utanipa shikamoo yangu." Nikakubali, kwa sababu niliona siku hiyo haipo.

Na ilikuwa haipo kweli. Mimi nilikuwa nakuita kwa kila kitu. Nikigusa kitu kioo kikabadilika, "Zaina." Ikilia, "Zaina." Isipolia, "Zaina, mbona kimya." Ulikuwa unatoka jikoni na mikono ya unga, unabonyeza kimoja tu kwa kiwiko, mambo yanatengemaa, unarudi kwenye ugali wako. Mimi nikitoka hapo naenda sokoni naeleza jinsi nilivyoitengeneza. Wakaanza kuniita Mjomba Kompyuta. Wewe ulisikia na hukuwahi kunikatiza mbele za watu. Siku moja tu, mkulima wa kabichi alipokuja kuniuliza kompyuta inajuaje kusoma, ulisema taratibu, "Muulize Mjomba, ndiye aliyeisomesha," ukaingia ndani. Nilimweleza nusu saa. Alitoka ameelewa kuliko mimi.

Umeme ndio uliotupa lile daftari. Mgao ulipoanza, siku nne kwa wiki kioo kilikuwa cheusi, nami nilifurahi, nikadhani masomo yamefungwa. Ukanipa daftari la mistari na kalamu. Ukasema mkono ukijua, kichwa kitafuata. Kazi yangu ikawa kunakili ukurasa wa akina mama, herufi kwa herufi, na vimishale vyake vyote vya kuiambia mashine neno likae vipi, mara tatu. Ule ukurasa wa kikundi cha mama yako, wanaopika jemu ya matunda yetu ya plamsi kule juu ya Mponde, uliokuwa unautengeneza ili watu wa mbali wajue kuwa huku kuna plamsi na kuna wanawake wanaojua kuzipika. Wewe ulikuwa unasema tovuti. Mama yako alikuwa anasema "ile barua ya kila mtu." Mpaka leo naona yeye alieleza vizuri zaidi.

Nililionea aibu lile daftari. Nilikuwa nalificha ndani ya koti, na watu wakiuliza nasema ni orodha ya wateja. Mtu mzima amekaa barazani, anavuta blanketi kwa baridi, anaandika kama mtoto wa chekechea, na msichana anamsahihishia kwa kalamu nyekundu. Na ulivyokuwa unasahihisha. "Kila neno lina mlango wa kufungua na mlango wa kufunga, Mjomba. Ukifungua unene usipoufunga, maneno yote yatakuwa manene mpaka chini." Mimi nikisahau, wewe unaandika katikati ya mistari yangu, kwa yale maandishi yako madogo yaliyosimama wima.

Sasa nimefika.

Ulipoanza kuugua mara ya pili, kompyuta nayo ilikuwa imeanza kusahau mambo, ndiyo maana kila kitu ulikuwa umekiweka kwenye disketi tatu. Ulinikabidhi wewe mwenyewe, umekaa kitandani, umejifunika kanga mbili. Ukasema, "Zitunze, Mjomba. Ukungu usiziingie, zikiota kuvu basi." Nikasema ukungu unaniambia mimi? Mimi nimezaliwa ndani ya ukungu, nazijua njia zake zote. Na kweli nilifikiri. Nilikaa nikafikiri kama mtu mwenye akili: sisi kitu tusichotaka kiote kuvu tunakiweka wapi? Mbegu za mahindi tunaziweka wapi, za maharage tunaziweka wapi? Juu ya uchaga, Zaina. Juu ya meko ya mama yako, ambako moshi unapita mchana kutwa na unyevu haufiki. Mbegu zinakaa pale mwaka mzima na hazijawahi kutuangusha. Nikazifunga ndani ya mfuko wa nailoni, nikaziweka katikati ya magunzi, nikashuka ngazi najisifu.

Ulipolazwa uliniuliza, "Disketi zipo?" Nikasema zipo. Nikatoka hapo nikapanda gari kwenda Mponde kuzitazama, maana namna ulivyouliza ilinitia wasiwasi. Nailoni ilikuwa imeyeyuka ikazishika zote tatu pamoja. Zilikuwa zimejikunja kama maganda ya ndizi yaliyoachwa juani. Ile bati ndogo inayosogea haikusogea. Nilizirudisha palepale juu ya uchaga, sijui kwa nini, labda nilidhani zitajinyoosha. Kesho yake nikarudi kwako, ukaniuliza tena kwa macho tu, nami nikakwambia, "Zimekauka vizuri kabisa, Mwalimu." Ukatabasamu. Ukafumba macho.

Maisha yangu yote nimesema uongo wa kuchekesha watu. Ule peke yake ndio uliokuwa na uzito, na niliusema kwako, na hukuamka tena kunipa nafasi ya kuurudisha.

Na sikukoma. Siku ya hitma watu walikuwa wamejaa uwanjani, wanaulizana huyu binti alikuwa anafanya nini hasa na lile sanduku. Mmoja akasema maskini, amekufa bila kuacha kitu. Sikuvumilia. Nikasimama nikasema kazi ya Zaina iko kwenye mtandao wa dunia, Ujerumani wanaiona, Japani wanaiona, kuna watu huko wanaijua Mponde kuliko watu wa Korogwe. Wazee wakatikisa vichwa. Mama yako alikuwa amekaa na akina mama kwenye mkeka, na nilimwona ameinua uso. Mara ya kwanza tangu tukuzike.

Wiki chache baadaye, mvua za kupandia zimekaribia, dada akashuka Lushoto. Hajawahi kushuka bila mzigo wa kuuza, siku hiyo alikuja mikono mitupu. Hata chai hakunywa. Akasema, "Shabani, nimesikia kimefunguliwa chumba. Nipeleke nikaone kazi ya mwanangu."

Nikamwambia leo laini ya simu imekatika. Wiki iliyofuata nikasema mwenye chumba amesafiri. Wiki ya tatu nikasema Wajerumani wanaitumia sana, inabidi tusubiri zamu. Aliniangalia, Zaina, kama anavyoangalia plamsi kabla ya kuitia kwenye sufuria. Akasema, "Nitakuja Alhamisi. Alhamisi hiyo nitaiona."

Nikazifuata zile disketi kule uchagani, nikampelekea fundi redio, akazishika kwa vidole viwili akaniuliza kama nilitaka kuzila. Nikarudi nyumbani nikakaa mbele ya kompyuta yako, na kwa mazoea nikaita, "Zaina." Nililia pale. Sikwambii zaidi.

Nilipovaa koti kutoka, kitu kikanichoma ubavuni. Daftari.

Lilikuwemo lote. Ukurasa mzima, mara tatu, kwa mwandiko wangu wa kuku. Nilichagua ile nakala ya tatu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimeiandika vizuri. Nikawasha mashine nikaanza kupiga, kidole kimoja kila mkono. Siku tatu mchana. Kila mstari nauhifadhi kwenye disketi mpya, na umeme ukikatika nangoja na kidole kimewekwa pale nilipofikia daftarini, nisipotee. Niliapa sitaruka hata nukta. Nilikuwa sisomi, nilikuwa naokota herufi mojamoja kama mtu anayechambua mchele, kwa sababu nikisoma nakuona wewe, na nikikuona wewe siendelei. Alhamisi asubuhi nikaichomoa ile disketi, nikaitia mfuko wa shati, na njiani nilimkwepa hata muuza mahindi ya kuchoma na moto wake.

Mwenye chumba ni mtu mzima wa Pangani, mpole. Alitufungulia mahali pa bure pa kuweka ukurasa, akabonyeza, akasema tusubiri. Dada alikaa kwenye kiti amevaa kanga yake ya Idi. Simu ikakoroma mle ndani ya mashine. Kisha ukatokea, kutoka juu, polepole, kama mtu anavyotokea kwenye ukungu pale Magamba, kwanza kichwa. Jina la kikundi. Dada unamjua, kusoma alijifunzia elimu ya watu wazima, anasoma kwa sauti na kwa kidole.

"Karibuni kwetu," akasoma. "Sisi ni akina mama wa juu ya Mponde. Plamsi zetu huchumwa asubuhi zingali na umande." Akanitazama. Hayo ni maneno yake mwenyewe, ulimhoji jikoni ukayaandika. Akarudi kwenye kioo. Hapo chini ya neno umande maandishi yalikuwa yamenenepa ghafla, yote, mpaka chini. Akaendelea.

"Mjomba, funga mlango, mbuzi wataingia."

Nikadhani kakosea. Nikainama. Ilikuwepo, Zaina. Nene kabisa, katikati ya plamsi. Nilikuwa nimenakili kosa langu, na masahihisho ya kalamu yako nyekundu nayo nimeyanakili. Dada akateremsha kidole. "Hapa ulisinzia." Akateremsha tena, akaruka sukari, akaruka sufuria, akafika mwisho kabisa. "Kumi na nane juu ya ishirini. Umejitahidi, Mjomba wangu. Mwalimu wako, Zaina."

Kidole kikabaki kwenye jina lako.

Alianza na kitu kama kikohozi. Nikamshika bega. Ilikuwa kicheko, mama yako alikuwa anacheka, mabega yanaruka, machozi yanamwagika kwenye kanga ya Idi, anasema, "Ni yeye. Shabani, ni yeye huyu, hivi ndivyo alivyokuwa anakusema." Mwenye chumba akatoka nje kutazama barabara ambayo haikuwa na gari.

Nikamwambia hapohapo. Uchaga, nailoni, hospitali, yote. Nilisema nikiwa natazama sakafu. Nilipomaliza akajifuta uso, akasema, "Najua. Nilizikuta niliposhusha mbegu. Zimeshikana kama sambusa. Nilikaa nikangoja mdogo wangu aje aseme mwenyewe, naona imebidi nikushukie mpaka huku."

"Umenikasirikia, dada?"

"Nilikukasirikia. Sasa kaa hapo, unisomee tena, mimi nimechoka kidole."

Nikamsomea mara nne. Mwenye chumba aliporudi akasema kwa adabu kuwa kuna makosa kidogo, anaweza kuyafuta yale maneno na kurekebisha ule unene. Dada akamwambia neno moja la mwanangu likifutwa humu, sitatoka kwenye kiti hiki. Nami nikamwambia, bwana, maneno yaache, na unene niachie mimi. Nikakaa. Nikafungua ule upande wa ndani wenye vimishale. Nikatafuta neno umande. Mlango ulikuwa wazi palepale uliponionyesha. Nikaweka kimishale, kijiti kilicholala, herufi yake, kimishale. Nikabonyeza. Maandishi yote yakakonda mara moja, kuanzia umande mpaka jina lako. Sikumwita mtu.

Zaidi ya hapo sina la kujisifia, ila nitajisifu kidogo. Barua pepe zimeanza kuingia kwenye ukurasa wako kutoka pande zote za dunia. Ni tatu. Ya kwanza ya mwenye chumba, alikuwa anajaribu. Ya pili ni yangu mwenyewe. Ya tatu imetoka kwa mama mmoja mzaliwa wa Mazinde, anaishi Ulaya, kwenye baridi kuliko yetu, anasema ameisoma kazini akacheka mpaka wenzake wakamuuliza, naye akashindwa kuwaeleza kwa lugha yao. Anauliza jemu anaipataje. Na anauliza, je, mbuzi waliingia? Dada amemjibu yeye mwenyewe, mimi nikipiga. Ametumia siku mbili kufikiri aseme nini, kisha akasema niandike: waliingia, lakini mjomba wake amewatoa.

Jana nilipanda kwenu. Niliyang'oa magugu pale kwako, na migomba ya upande wa chini imeshika vizuri, udongo hautateleza. Nilikuwa na daftari kwenye koti. Sasa nalibeba nje, watu wakiuliza nasema ni daftari la shule, nilifundishwa na mpwa wangu, nilikuwa nakosea sana. Mkulima wa kabichi hakuniamini. Anasema ninajishusha.

Nakuahidi haya, na nimeyaandika bila kurembesha. Wale akina mama nitawafundisha, kuanzia baada ya mavuno, kila mmoja na daftari lake, umeme uwepo usiwepo, na kalamu nyekundu nimeshanunua. Hadithi ya mbega sitaiacha, niache nayo. Lakini mtu akiniuliza nani aliileta kompyuta mlimani na nani alijua kuitumia, nitataja jina lako kwanza, ndipo mbega wafuate. Na disketi iko kwenye kabati ya vyombo, mbali na moto.

Lala salama, mwanangu. Mungu akupe nafasi pana na nuru. Mama yako anakusalimu, anakushukuru kwa Kisambaa chetu, anasema hongea.

Pale kwako jana nilivua kofia. Nilitazama huku na huku, hakukuwa na mtu, halafu nikaona hata mtu akiwepo awepo. Nikaisema kwa sauti, na leo naiandika, maana deni la mwanafunzi ni la kuandikwa:

Shikamoo, Mwalimu.

Nilingoja kidogo. Milima iko palepale.

Mjomba wako,
Shabani